Mti Uliomo Kiwanjani: Ruhusa Kwanza, Shoka Baadaye

Watu wengi wakaao mjini Isiolo na katika vijiji vya jirani hudhani kwamba mtu akiwa na kiwanja chake, na mti ukiwa ndani ya ua wake, hana haja ya kumwuliza mtu ye yote siku atakapotaka kuukata. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Mti uliomo katika kiwanja halali cha mtu ni mali yake, lakini kuwa na mali ni jambo moja, na kuiondoa ni jambo jingine. Mfugaji ni bwana wa ng'ombe wake. Hata hivyo hawezi kumchinja na kuuza nyama bila mkaguzi kuitazama, wala kumpakia katika lori kwenda Nairobi bila cheti. Watu wa Isiolo wameizoea kanuni hiyo ya mifugo, na hawaoni kwamba imewanyang'anya ng'ombe wao. Kanuni ya mti ni ndugu yake.

Somo hili laeleza kwa nini ruhusa inatakiwa, ni ofisi zipi zinazohusika, na njia ambayo mwenye nyumba yampasa kuifuata tangu siku anapofikiri kukata mti hadi siku kuni zinapotoka kiwanjani.

KWA NINI MTI UMEWEKEWA SHERIA

Isiolo ni nchi kavu. Mvua hutazamiwa mara mbili kwa mwaka, kwanza kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba, na mara nyingine haiji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na wafugaji wa Kaskazini wakapotewa na mifugo mingi mno. Katika nchi ya namna hii mti mkubwa haurudishwi kwa mwaka mmoja, wala kwa miaka mitano.

Fikirini mgunga, ambao Waborana huuita dhadacha na Waturkana huuita ewoi. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na kwa hiyo hustahimili kiangazi ambacho hukausha kila kitu kilicho juu ya ardhi. Maganda ya mbegu zake huanguka wakati ambao nyasi zimekwisha, na mbuzi huyala wakapata nguvu. Kivuli chake ni baraza la wazee na pa kupumzikia wasafiri, na katika mahali pengi kimekuwa darasa la watoto kabla shule haijajengwa. Mtu mwenye shoka aweza kuyaondoa hayo yote kwa muda wa asubuhi moja.

Wazee wa zamani waliyajua mambo haya. Miongoni mwa Waborana, wazee wa dedha husimamia malisho na maji, na huangalia jinsi miti inavyotumiwa. Miongoni mwa Waturkana iko desturi iitwayo ekwar, ambayo kwayo jamaa fulani huwa na haki juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto, na mgeni hawezi kuingia akakata au akachukua maganda bila idhini yao. Upande wa Meru, baraza la Njuri Ncheke limejulikana kwa kulinda miti na mahali pa heshima. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba kuomba ruhusa ya kukata mti ni jambo geni lililoletwa na Serikali, yafaa kwanza awaulize wazee wa kwao.

SHERIA ZENYEWE

Sheria ya misitu iliyotungwa wakati wa ukoloni, mwaka 1942, ilidumu hata baada ya Uhuru. Mahali pake pakashikwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, ambayo ndiyo iliyounda Shirika la Huduma za Misitu, lijulikanalo kwa herufi KFS. Baadaye ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika mwezi wa Machi 2017. Sheria hiyo imegawanya misitu katika mafungu matatu: misitu ya umma, misitu ya jamii, na misitu ya watu binafsi.

Juu ya sheria hizo zote iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 69 chaagiza Serikali ijitahidi ili miti ifunike angalau sehemu 10 katika kila 100 za nchi ya Kenya, na kila mtu amepewa wajibu wa kusaidiana na Serikali katika kuhifadhi mazingira. Hesabu iliyofanywa mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika sehemu 12.13 katika kila 100. Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ilianzisha kazi ya kupanda miti bilioni 15, ili ifikapo mwaka 2032 kiasi hicho kifike sehemu 30. Hesabu hizo haziwezi kutimizwa msituni peke yake, kwa kuwa Wakenya wengi hawaishi msituni. Zitatimizwa au zitashindwa katika mashamba na viwanja vya watu.

Iko pia Sheria ya Machifu, ambayo watu wengi huisahau. Katika kifungu chake cha 10, chifu amepewa uwezo wa kutoa amri za kusimamia ukataji wa miti na kukataza uharibifu wake usio na maana. Hii ndiyo sababu chifu huulizwa kwanza, na ndiyo sababu chifu aweza kumwita mtu aliyekata mti bila kusema neno.

Wala si Kenya peke yake iliyoweka masharti kama haya. Katika Uingereza baraza la mji laweza kuutia mti mmoja chini ya ulinzi, hata kama umesimama katika bustani ya mtu, na mwenye bustani haukati wala haupunguzi mpaka apate ruhusa. Katika mitaa iliyohifadhiwa humpasa kutoa taarifa majuma 6 kabla ya kugusa mti ambao umezidi ukubwa uliowekwa.

KWANZA, KIWANJA NI CHA NANI?

Kabla ya kuuliza kama mti waweza kukatwa, hapana budi kuuliza umesimama katika ardhi ya nani. Mambo mengi huharibika hapa.

Mpangaji hana haki ya kukata mti wa mwenye nyumba. Ikiwa kiwanja ni cha urithi na bado hakijagawanywa, ndugu mmoja hawezi kuamua peke yake. Mti ulio nje ya ua, kando ya barabara, ni wa eneo la barabara, hata kama mwenye nyumba ndiye aliyeumwagilia maji tangu ukiwa mche. Barabara kuu iendayo Moyale ina mamlaka yake, na barabara za mji zina yake. Mti wa ukingo wa mto una ulinzi wa sheria za maji na mazingira, maana mizizi yake ndiyo inayoshika udongo usichukuliwe na mafuriko. Mti wa uwanja wa shule, msikiti au kanisa ni wa watu wengi, na viongozi wa mahali hapo ndio wapasao kuomba.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yatoa uamuzi wa ardhi hiyo kwa jamii yenyewe. Mjini wako watu wengi wenye barua ya kugawiwa kiwanja ambao bado hawajapata hati ya kumiliki. Mtu wa namna hiyo aende na barua yake, na risiti za malipo ya kiwanja kama anazo, na kitambulisho chake. Afadhali swali la mpaka litokee ofisini wakati mti ungali umesimama, kuliko litokee mbele ya hakimu wakati umekwisha kulala chini.

NJIA YA KUPATA RUHUSA

Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Mwenye kiwanja humwarifu chifu au naibu wa chifu wa mahali pake, na kueleza mti gani autakao kukata na kwa sababu gani. Huomba barua ya kuthibitisha kwamba ni mkazi na kwamba hapana ugomvi juu ya kiwanja hicho.

2. Huandika barua kwa ofisi ya KFS ya Isiolo. Barua yaweza kuwa fupi. Itaje jina la mwombaji, mahali kiwanja kilipo na nambari yake, aina ya miti, idadi yake, sababu ya kuikata, na jinsi mbao au kuni zitakavyotumiwa. Asiyejua kuandika aweza kuandikiwa na mtu amwaminiye, kisha asomewe kabla ya kutia kidole.

3. Afisa wa Misitu huja kuutazama mti. Hutazama kama umesimama ndani ya mpaka, kama ni mzima au umeoza, na kama hatari isemwayo yaweza kuondolewa kwa kupunguza matawi tu. Yafaa mwenye kiwanja awepo siku hiyo, na jirani aliye karibu na mti awepo pia.

4. Ikiwa mti waondolewa ili nyumba ijengwe, jambo hilo lahusu pia Serikali ya Kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yataka mtu apate idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Mara nyingi mchoraji wa ramani aweza kuisogeza nyumba hatua chache, na mti ukabaki kuwa kivuli cha nyumba hiyo hiyo.

5. Ruhusa ikitolewa, iwe kwa maandishi. Mwombaji aisome palepale: jina lake, idadi ya miti, mahali, na siku ambayo ruhusa itakwisha. Ruhusa ya mti mmoja haikati miwili. Ruhusa iliyokwisha muda wake ni sawa na kukosa ruhusa.

6. Ikiwa kuna ada, iulizwe ofisini na ilipwe kwa njia iliyo rasmi. Malipo mengi ya Serikali kuu sasa hupitia mtandao wa eCitizen, ambao hutoa risiti. Fedha itiwayo mkononi mwa mtu bila risiti si ada, nayo haitamlinda aliyeitoa.

Kanuni ndogo ndogo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo mtu asitegemee jinsi jirani yake alivyofanya miaka iliyopita. Aulize upya.

KUNI ZIKITOKA KIWANJANI

Watu wengi hupata ruhusa ya kukata, wakadhani kazi imekwisha. Lakini kusafirisha mbao, magogo au makaa njiani kwahitaji kibali cha peke yake, ambacho hutolewa na KFS. Lori au mkokoteni ukisimamishwa bila kibali hicho, mzigo waweza kuzuiwa hata kama mti ulikatwa kwa halali.

Makaa yana masharti makali zaidi. Kanuni za Makaa za mwaka 2009 ziliagiza wachomaji wajiunge katika vyama na kupata leseni, na mzigo uwe na cheti cha kuonyesha ulikotoka. Kwa hiyo mtu aliyeruhusiwa kukata mti wa hatari asidhani ameruhusiwa pia kuuchoma makaa nyuma ya nyumba.

MTI WA HATARI

Iko siku ambayo mtu hawezi kungoja. Dhoruba imeupasua mti usiku, na shina limelalia paa. Hapana sheria iwezayo kutaka watoto walale chini ya mti unaoanguka. Jambo la kwanza ni kuwatoa watu ndani ya nyumba. La pili ni kumwita chifu au mzee wa mtaa na majirani wawili waone hali ilivyo, na kupiga picha kwa simu. La tatu ni kuondoa kile tu kinacholeta hatari, kisha kutoa taarifa kwa ofisi ya misitu mara itakapofunguliwa.

Ikiwa matawi yamegusa nyaya za umeme, mtu asipande juu wala asitumie panga. Wafanyakazi wa Kenya Power ndio wenye kazi hiyo, na vifaa vyake wanavyo.

Tawi la mti wa jirani likiingia upande wa pili, dawa ya kwanza ni mazungumzo. Wajirani wengi waliofikishana mbele ya hakimu kwa ajili ya tawi wangaliweza kumaliza jambo lao kwa kikombe cha chai.

MITI YENYE HALI YA PEKE YAKE

Rais wa Kenya ana uwezo wa kutangaza kwamba mti fulani, au aina fulani ya miti, ni ya kulindwa. Mwaka 2007 msandali ulipigwa marufuku kukatwa, kwa sababu wafanya biashara walikuwa wakiung'oa hata mizizi kwa ajili ya mafuta yake ya manukato, na nchi kavu za Kaskazini zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumizwa. Mwezi wa Novemba 2020 mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way jijini Nairobi uliokolewa kwa tangazo la Rais, wakati ambapo ulikuwa karibu kuondolewa kwa ajili ya barabara mpya ya juu. Ikiwa barabara kubwa kama ile iliweza kuupisha mti mmoja, ukuta wa choo waweza pia.

Upande wa pili uko mti uitwao mathenge. Uliletwa Kenya kwa nia njema, ili uzuie jangwa, lakini ukaenea kupita kiasi, ukafunga njia za mifugo na kuharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2008 ulitangazwa kuwa gugu baya. Kuuondoa katika kiwanja ni jambo jema. Hata hivyo, atakaye kuuchoma makaa na kuyauza bado hana budi kufuata kanuni za makaa, na asiyeujua vizuri amwonyeshe Afisa wa Misitu kwanza, asije akakata mgunga akidhani ni mathenge.

HASARA YA KUKATA BILA KUULIZA

Sheria ya mwaka 2016 yasema kwamba mtu akataye mti katika msitu wa umma bila kibali aweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiopungua miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Mtu ambaye mpaka wake haujulikani vizuri, na kiwanja chake kimepakana na ardhi ya umma, ana sababu kubwa ya kuuliza kabla ya kuinua shoka.

Lakini hasara nyingine haiandikwi katika vitabu vya sheria, na mfano huu waweza kuieleza. Na iwe kwamba mjane mmoja wa Bulla Pesa ana mgunga mkubwa nyuma ya nyumba yake. Tawi moja limeegemea mabati ya chumba walalamo wajukuu, na upepo ukivuma hulia usiku kucha. Siku moja aja kijana mwenye msumeno wa mashine, amwambia, "Mama, mimi nitaukata bure. Wewe hutatoa hata senti moja. Kuni tu ndizo nitakazochukua."

Maneno hayo ni matamu kwa mtu asiye na fedha ya kumlipa fundi. Lakini kijana huyo amekwisha kuupima mti kwa macho, akajua utatoa magunia mangapi ya makaa. Kazi aiitayo bure italipwa kwa mti mzima. Naye akikamatwa njiani na mzigo usio na kibali, ataulizwa umetoka wapi, na jibu lake litakuwa nyumba ya mjane.

Mjane akienda kwa chifu, na Afisa wa Misitu akija, yaelekea sana wataona kwamba shina ni zima na tawi moja tu ndilo lenye hatari. Tawi litakatwa. Kuni zake zitapika chakula cha nyumba hiyo kwa majuma kadhaa, na hazitahitaji kibali cha njia kwa kuwa hazitoki uani. Wajukuu watalala kwa amani. Na kiangazi kijacho maganda yataanguka kama desturi, na mbuzi watayaokota. Safari moja ya kwenda ofisini imeokoa mti ambao mjane huyo hangeishi kuona mwingine wa ukubwa wake ukisimama mahali pale.

BAADA YA MTI KUANGUKA

Mti ukiisha kukatwa kwa halali, kazi iliyobaki ni kupanda. Afadhali miche iwekwe ardhini mwanzo wa mvua, mwezi wa Machi au Oktoba, ili mizizi ishike kabla jua halijawa kali. Mwarobaini hustahimili ukame na hutoa kivuli katika mji. Mgunga hukua taratibu zaidi, lakini hulisha mifugo. Mche uzungushiwe miiba mikavu, maana mbuzi wa Isiolo hawaulizi ruhusa ya mtu. Maji yaliyotumika kuogea yatosha kuumwagilia jioni, mradi yasiwe na sabuni nyingi. Nao usipandwe karibu na ukuta wala chini ya nyaya za umeme, ili watakaoishi katika nyumba ile baada ya miaka 30 wasilazimike kwenda kwa chifu kuomba ruhusa ya kuukata.